Mzururaji na Uwanja Wake

Hebu tuwaze jambo moja pamoja. Mbele yako pana vitu vitatu: mkeka uliotandikwa sakafuni, tikiti maji la mviringo, na jani la sukumawiki lenye kingo zilizojikunjakunja. Juu ya kila kimoja umeweka sisimizi mmoja. Sisimizi hawa si kama wale wa jikoni kwenu waijuao njia ya sukari. Hawaoni, hawanusi, wala hawakumbuki walikotoka. Kila mmoja hupiga hatua moja, hugeuka upande wowote pasipo sababu, hupiga hatua nyingine, na huendelea vivyo hivyo bila kuchoka. Hatua za wote watatu ni sawa kwa urefu na kwa haraka. Tena tujalie kwamba mkeka hauna ukingo, na kwamba jani nalo limeendelea kukua na kujikunja pasipo mwisho.

Sasa nakuuliza: ni yupi atakayerudi pale alipoanzia, na ni yupi atakayepotea asirudi tena?

Huenda ukajibu kwamba wote watatu watapatwa na mambo mamoja, kwa kuwa hatua zao ni zile zile. Ukijibu hivyo utakuwa umekosea. Lakini usione haya, maana wataalamu wa hesabu walihitaji zaidi ya miaka mia moja kulipata jibu lililo sahihi. Historia ya jibu hilo ndiyo nitakayokusimulia.

Mto Tana hupata maji yake kutoka Mlima Kenya na kutoka milima ya Nyandarua. Historia yetu nayo ina vyanzo viwili. Ajabu ni kwamba vyote viwili vilibubujika katika mwaka mmoja, 1827, katika nchi mbili mbalimbali, kwa kazi za watu wawili ambao hapana aliyedhani kuwa zingehusiana.

Wa kwanza ni Robert Brown, mtaalamu wa mimea, mzaliwa wa Uskoti aliyefanya kazi mjini London. Kati ya mwezi wa Juni na Agosti wa mwaka ule alikuwa akitazama chavua ya ua liitwalo Clarkia pulchella, lenye asili ya Amerika ya Kaskazini. Alitumia hadubini, yaani chombo kikuzacho vitu visivyoonekana kwa macho matupu. Katika maji aliziona chembe ndogo mno za ndani ya chavua hiyo, nazo hazikutulia hata kidogo. Zilitikisika, zikasogea huku na huku, zikageuka, kana kwamba kila moja ina nia yake.

Mtu mwingine angalisema upesi kwamba chembe zile zina uhai, kisha akaenda zake. Brown hakuridhika na dhana. Alichukua chavua ya mimea iliyokaushwa miaka mingi nyuma, akaona chembe zake zikicheza vile vile. Alisaga kioo, alisaga mawe na metali, na hata alisaga kipande kidogo cha Sphinx, ile sanamu kubwa ya kale ya Misri. Unga wa kila kitu ulipokuwa laini vya kutosha na kutiwa majini, ulicheza. Jiwe la Sphinx halina uhai. Kwa hiyo mwendo ule haukuwa wa uhai. Basi ulikuwa wa nini? Brown hakuweza kusema, lakini alikuwa amekwisha kuuziba mlango wa jibu la uongo. Mpaka leo mwendo huo huitwa kwa jina lake, mwendo wa Brown.

Wa pili ni Carl Friedrich Gauss wa Göttingen, Ujerumani, mmoja wa mabingwa wakubwa wa hesabu waliopata kuishi duniani. Tarehe 8 Oktoba 1827 aliwasilisha mbele ya chama cha wataalamu cha mji huo maandishi yake juu ya nyuso zilizopinda. Gauss alikuwa ametumia miaka kadhaa kupima ardhi ya Hannover, akipanda vilima na kupima pembe kutoka kilele hata kilele. Katika kazi hiyo aliwaza hivi: kiumbe aishiye juu ya uso fulani, asiyeweza kuruka juu wala kuchungulia kutoka nje, je, aweza kujua kama uwanja wake umepinda?

Jibu lake lilikuwa ndiyo. Aweza kujua kwa kupima urefu na pembe humo humo alimo. Nikupe mfano. Tuseme wewe umeketi Nanyuki au Maseno, mahali ambapo mstari wa ikweta hupita. Kutoka hapo mpaka Ncha ya Kaskazini ni kama kilomita 10,000. Ikweta yenyewe ni duara ambalo kitovu chake, kwa watu watembeao juu ya nchi, ni ile ncha. Kama dunia ingalikuwa tambarare kama mkeka, duara lenye umbali wa kilomita 10,000 kutoka kitovu hadi ukingo lingalikuwa na mzingo wa karibu kilomita 63,000. Lakini ikweta ina kilomita 40,000 tu. Mzingo umepungua. Upungufu huo watosha kumwambia mpimaji kwamba anaishi juu ya tufe, hata kama hajawahi kuiona dunia kutoka angani.

Kuna nyuso nyingine ambazo mzingo wake hauna upungufu bali una ziada. Tandiko la farasi lina tabia hiyo, na jani la sukumawiki pia. Ukingo wa jani hukua kupita nafasi iliyopo, nao, kwa kukosa mahali pa kukaa, hujikunjakunja. Nikolai Lobachevsky wa Kazan, Urusi, mwaka 1829, na János Bolyai wa Hungaria, mwaka 1832, kila mmoja kwa upande wake, walitangaza elimu ya maumbo ambamo ziada hiyo imo kila mahali. Ziada yenyewe ni kubwa kuliko udhaniavyo. Tukichagua kipimo cha urefu kinachopatana na mpindo wa uso huo, duara lenye nusu kipenyo cha vipimo 10 lina mzingo wa karibu 63 juu ya mkeka, lakini juu ya uso wa namna ya jani lina mzingo wa zaidi ya 69,000. Kadiri uendavyo mbali ndivyo nchi inavyopanuka mbele yako.

Hivi ndivyo vyanzo viwili: Brown na chembe yake isiyotulia, Gauss na uso wake uliopinda. Kwa muda mrefu mito hiyo miwili ilitiririka mbali mbali.

Tuufuate kwanza mto wa Brown. Swali lake lilikaa karibu miaka 80 bila jibu la kutosheleza, nalo halikuwa swali dogo. Wakati ule wataalamu walikuwa wamegawanyika juu ya jambo la msingi kabisa: je, vitu vyote vimejengwa kwa atomu na molekuli, au hizo ni hadithi tu za kurahisisha hesabu? Ludwig Boltzmann wa Vienna alizitetea atomu kwa nguvu zake zote. Ernst Mach na Wilhelm Ostwald, watu wenye heshima kubwa, hawakuziamini, maana hapana aliyepata kuiona hata moja.

Mwaka 1905 kijana wa miaka 26, Albert Einstein, mkaguzi katika ofisi ya kusajili uvumbuzi mjini Bern, Uswisi, alionyesha jinsi shauri hilo liwezavyo kukatwa. Kama maji ni molekuli zisizotulia, alisema, basi hizo huipiga chembe kutoka pande zote. Mapigo hayalingani kila dakika. Mara upande huu huzidi, mara upande ule, na chembe husukumwa ovyo. Kutokana na wazo hilo alikokotoa tarakimu ambayo mtu aweza kuipima. Chembe yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita, ikiwa ndani ya maji, katika sekunde moja husogea kwa wastani karibu 0.8 ya sehemu hiyo katika mwelekeo mmoja. Je, katika dakika moja itasogea mara 60 ya hapo? La. Husogea karibu sehemu 6 tu, maana mara nyingi huirudia njia yake yenyewe. Marian Smoluchowski, mtaalamu wa Kipolandi, alifikia hesabu ya namna hiyo mwaka 1906.

Kutoka mwaka 1908, Jean Perrin wa Paris aliyapima hayo kwa mkono wake. Alitumia utomvu wa manjano wa mti ambao wachoraji huutumia kuwa rangi, akatengeneza vidonge vidogo mno vinavyolingana, akavitia majini. Alikaa penye hadubini akitia alama mahali pa kidonge kila baada ya sekunde 30, kisha akaziunga alama kwa mistari. Mistari ile ilionekana kama uzi uliovurugwa na paka. Lakini wastani wake ulikuwa ule ule alioutabiri Einstein. Kutokana nao Perrin alikadiria hesabu ya molekuli, ambayo leo twajua kwamba katika gramu 18 za maji ni karibu 6 ikifuatwa na sufuri 23. Ostwald alikubali kwamba alikuwa amekosea. Mwaka 1926 Perrin alipewa Tuzo ya Nobel. Boltzmann hakuuona ushindi huo. Alikuwa amefariki mwaka 1906.

Katika mwaka ule ule wa 1905 swali jingine lilitokea. Tarehe 27 Julai, Karl Pearson wa London aliandika barua fupi katika jarida la Nature. Aliuliza: mtu akitembea hatua kadhaa moja kwa moja, kisha akageuka kwa pembe yoyote ile, akatembea tena umbali ule ule, akaendelea hivyo mara nyingi, je, kuna uwezekano gani wa kumkuta umbali fulani kutoka alipoanzia? Lord Rayleigh alijibu upesi kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekutana na hesabu kama hiyo mwaka 1880 alipokuwa akichunguza sauti.

Usidhani kwamba swali la Pearson lilikuwa la mchezo. Ronald Ross, daktari aliyegundua mwaka 1897 huko India kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, alitaka kujua jambo lililo muhimu sana kwa watu wa nchi zenye joto. Mbu akizaliwa katika dimbwi, atafika wapi? Ukiyakausha madimbwi yote yaliyouzunguka mji, mbu wa nje wataingia mpaka wapi? Mwaka 1904, katika mkutano wa St. Louis, Marekani, Ross alilieleza jambo hilo kwa hesabu ya mzururaji, na Pearson akaliendeleza. Watu wa pwani yetu na wa kando ya Ziwa Victoria hawahitaji kuambiwa kwa nini swali hilo ni la uhai na kifo.

Kanuni iliyopatikana ni rahisi kuikumbuka. Baada ya hatua 100, mzururaji huwa mbali na mwanzo kwa kadiri ya hatua 10. Baada ya hatua 10,000, huwa mbali kwa kadiri ya hatua 100. Ili afike mbali mara mbili, yampasa kupiga hatua mara nne. Waweza kuijaribu kanuni hii mwenyewe. Chukua karatasi yenye mirabaraba na sarafu mbili zisizofanana, zipe jozi nne za pande zake majina ya kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, kisha uzirushe mara 100, ukisogeza kalamu mraba mmoja kila mara. Fanya hivyo pamoja na wenzako darasani, kila mtu kwa karatasi yake. Wachache watafika mbali, wachache watarudi nyumbani, na wengi watakuwa katikati.

Mwaka 1921 George Pólya, Mhungaria aliyekuwa akifundisha Zürich, alilitazama swali kwa upande mwingine. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi alivyokuwa akitembea msituni pasipo mpango, akakutana na mwanafunzi mmoja pamoja na mchumba wake. Baada ya kitambo akakutana nao tena, na tena. Pólya aliona haya, akichelea kudhaniwa kuwa anawapeleleza. Lakini mtu wa hesabu haoni haya bure. Alikwenda zake akajiuliza: watu wawili wanaotembea ovyo, je, ni lazima wakutane?

Jibu lake ni la ajabu. Juu ya uwanja tambarare wenye njia kama mirabaraba ya karatasi, mzururaji hana budi kurudi alipoanzia, wala si mara moja bali mara zisizo na idadi. Lakini katika nafasi ya juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma, mahali anaporuka nzi, uwezekano wa kurudi ni kama 34 katika 100 tu. Kwa nini? Baada ya hatua nyingi, tuseme n, mzururaji wa uwanjani ametapakaa katika eneo lenye sehemu kama n, kwa hiyo uwezekano wa kumkuta nyumbani wakati huo ni kwa kadiri ya moja chini ya n. Sasa jumlisha nusu, na theluthi, na robo, na sehemu ya tano, na kuendelea. Theluthi na robo pamoja hupita nusu. Nne zinazofuata pamoja hupita nusu. Nane zinazofuata vile vile. Jumla hiyo haina kikomo, itapita hesabu yoyote utakayoitaja. Ndiyo maana kurudi ni lazima. Penye nafasi ya nzi, sehemu hizo hupungua upesi zaidi, na jumla yake ina kikomo. Lakini mtembezi wa uwanjani asifurahi mno: ingawa kurudi ni hakika, wastani wa muda wa kungoja hauna mwisho.

Hivyo tumepata habari za sisimizi wa mkeka. Atarudi, ila umngojee kwa subira.

Hapa ndipo mto wa Gauss unapokaribia kuungana na mto wa Brown. Mwaka 1928 Francis Perrin, mwana wa Jean Perrin, aliitazama chembe ambayo haisogei tu bali pia huzungushwa na mapigo ya molekuli. Fikiri kwamba umechomeka kijiti katika chembe hiyo. Chembe izungukapo, ncha ya kijiti huzurura juu ya tufe. Basi kuuchunguza mzunguko huo ni kumchunguza sisimizi juu ya tikiti.

Sisimizi huyo huanza kama ndugu yake wa mkekani. Katika hatua zake za kwanza hajui tofauti, kwa kuwa kipande kidogo cha tikiti ni karibu tambarare. Lakini kanuni ya 100 na 10 haiwezi kudumu, maana juu ya tufe hapana umbali upitao nusu ya mzingo. Mwisho wake sisimizi aweza kuwa popote kwa uwezekano ulio sawa, na mahali alipoanzia hapana tena alama yoyote juu yake. Tikiti likiwa na upana mara mbili, kusahau huko huchukua muda mara nne. Hurudi nyumbani mara kwa mara, na wastani wa kungoja kwake una kikomo. Tufe humfungia mzururaji wake kama boma lisilo na ukuta.

Tumebakiwa na jani. Ili uelewe habari za jani, fikiri nchi yenye vituo, na kila kituo kina njia tatu: moja ya kurudi nyuma kuelekea mwanzo, na mbili za kwenda mbele, kama matawi ya mti yanavyogawanyika. Mzururaji huchagua njia bila kupendelea. Lakini tazama: mbele pana njia mbili, nyuma pana moja. Katika kila hatua tatu, kwa wastani mbili ni za mbele na moja ya nyuma. Baada ya hatua 900 atakuwa mbali kwa vituo kama 300, ambapo mwenzake wa uwanja tambarare angalikuwa mbali kwa kadiri ya 30. Na uwezekano wa kurudi alipoanzia ni nusu tu. Hapana mtu aliyemsukuma. Nchi yenyewe kwa upana wake ndiyo iliyomchukua.

Uso unaojikunja kama jani una tabia ya mti huo. Mwaka 1935 Lars Ahlfors, bingwa kutoka Ufini, alitoa kanuni ya nyuso zilizo sawa pande zote kuzunguka kitovu, zile zisizo na mwisho. Chora duara baada ya duara kutoka kitovuni, moja kwa kila hatua ya umbali, kwa kila duara chukua moja ugawanye kwa mzingo wake, kisha jumlisha. Juu ya mkeka mizingo hukua polepole, na jumla haina kikomo, kama ile ya nusu na theluthi na robo. Juu ya jani mizingo hukua kwa kasi ya kutisha, na jumla ina kikomo. Ahlfors hakuwa akiwaza juu ya chembe. Alikuwa akizipanga nyuso katika jamaa mbili. Mwaka 1945 Shizuo Kakutani wa Japani alionyesha kwamba jamaa hizo mbili ndizo zile zile ambazo mwendo wa Brown huzitenga: katika jamaa moja mzururaji hurudi karibu na alipoanzia mara zisizo na idadi, na katika ile nyingine hupotea. Mwaka 1950 Mjapani mwenzake, Kiyosi Itô, alichapisha njia ya kuandika mwendo wa nasibu juu ya uso wa umbo lolote. Miaka 123 baada ya Brown na Gauss, mito miwili ilikuwa imekuwa mto mmoja.

Pengine utasema, "Mwalimu, haya ni mambo ya mikeka na majani, mimi yanihusu nini?" Yanakuhusu kuliko udhaniavyo, maana yanatendeka mwilini mwako usomapo maneno haya. Kila seli ya mwili imefunikwa na utando mwembamba wenye mafuta, na juu yake protini huzurura. Mwaka 1970 David Frye na Michael Edidin, huko Marekani, waliunganisha seli ya panya na seli ya mtu zikawa seli moja. Walizitia alama protini za upande mmoja kwa rangi ya kijani na za upande wa pili kwa rangi nyekundu. Mwanzoni kila rangi ilikaa upande wake. Baada ya kama dakika 40 zilikuwa zimechanganyika. Utando ule ulikuwa uwanja wa wazururaji.

Mwili hunufaika kwa uwanja huo. Mwaka 1968 Gerold Adam na Max Delbrück walieleza kwamba molekuli inayoitafuta nyingine aghalabu huipata upesi zaidi ikiwa kwanza itashika utando, kisha izurure juu yake, kuliko ikiwa itazurura katika nafasi yote ya seli. Hapa unamsikia Pólya tena: juu ya uso hatuna budi kukutana, katika nafasi ya nzi twaweza kupotezana.

Lakini tando za mwili si tambarare. Zimekunjwa, zimechomoza, zimebonyea. Nazo hudanganya macho ya atazamaye kutoka juu. Mtu apandaye mteremko wa Bonde la Ufa, akitazamwa kutoka kwenye ndege, huonekana kama anajikokota, kumbe anatembea kwa mwendo wake wa kawaida; sehemu kubwa ya hatua zake imeingia katika kupanda. Mahali ambapo uso umeinama kwa nyuzi 60, hatua mbili za mteremkoni ni hatua moja tu ramanini. Kwa mzururaji hasara ni kubwa zaidi: kwa kuwa umbali mara mbili wataka muda mara nne, ili apite umbali fulani wa ramani kwa kufuata mteremko huo atahitaji muda mara nne. Mtafiti asiyelijua umbo la utando aweza kudhani kwamba protini imepungua nguvu au imefungwa na kitu, kumbe ni vilima na mabonde. Na mtafiti alijuaye aweza kufanya kama Gauss: kwa kuupima mwendo wa wazururaji, hutambua mpindo wa uwanja ambao macho yake hayaufikii.

Basi sasa waweza kuwajibia sisimizi wote watatu. Wa tikiti atarudi tena na tena, mpaka asahau alikotoka. Wa mkeka atarudi, ingawa kungoja kwaweza kupita umri wa wangojao. Wa jani aweza kurudi mara chache mwanzoni, lakini iko siku atakayoondoka asirudi tena. Hatua zao zilikuwa sawa. Hakuna aliyekuwa na akili kuliko mwenzake, wala bidii kuliko mwenzake. Uwanja ndio uliotofautiana.

Nimalize kwa tukio moja. Mwaka 2006, katika Mkutano Mkuu wa Kimataifa wa Wanahesabu uliofanyika Madrid, Hispania, tuzo mpya ilitolewa kwa mara ya kwanza kumheshimu mtu ambaye hesabu yake imewafaa watu nje ya hesabu yenyewe. Mtu wa kwanza kuipata alikuwa Kiyosi Itô, mzee wa miaka 90, aliyeutumia umri wake kuuelewa mwendo ule ambao Brown aliuona katika chavua. Nayo tuzo hiyo ilipewa jina la Gauss.